Udongo Tulioutupa Juu

Nisipojisifu mimi, nani atanisifu? Mume wangu akila akishiba anasema "haya" na kutafuta kofia yake. Watoto wakipiga simu wanauliza kama nimemeza dawa ya presha. Kwa hivyo wacha nijisifu mwenyewe, na ukiona nimezidisha, ruka hiyo sehemu uendelee mbele. Mimi najua udongo.

Nilizaliwa upande wa Kasikeu, kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha vibaya nusu ya shamba lako inaamkia kwa jirani. Huko kwetu mtoto anajua kupiga tuta kabla hajajua kuandika jina lake. Unachimba mtaro kukingama mteremko, na udongo unaotoka mtaroni unautupa juu, upande wa mlimani, unakuwa ukingo. Maji yakiteremka yanagonga ukingo, yanasimama, yanaingia ardhini pole pole. Maji hayapotei, udongo haupotei, na hata mwaka wa njaa unapata mbaazi za kufunga midomo ya watoto. Ukiutupa chini, mvua moja tu inabeba jasho lako lote, na anayefaidika hata hasemi asante. Marehemu mama yangu akiona mtu anatupa udongo chini alikuwa anamwuliza kama ana homa.

Na hatuchimbi peke yetu. Tunachimba kwa mwethya, yaani majirani, wengi wao kina mama, wanachimba shamba la huyu leo na la yule kesho, mpaka kila mtu amefikiwa. Kuna maombi kabla ya jembe la kwanza, kuna filimbi, kuna nyimbo, na ukichelewa unaongezewa kipande chako cha kuchimba huku wenzako wanakuimba bila huruma. Nilipoolewa nikashuka Mtito Andei nilikuta watu wanachimba kila mtu kivyake kama kuku. Nikasema, ai, hapana. Nikaanzisha mwethya, nikanunua filimbi, na mpaka leo filimbi hiyo iko shingoni mwangu.

Lakini Mtito Andei mashamba si ndiyo mambo. Mambo ni barabara. Malori ya kwenda na kutoka Mombasa yanasimama hapo, mabasi yanasimama, watu wanakula, wanalala, wanaondoka. Sisi kina mama tulikuwa tunauza pembeni mwa lami: machungwa, ndizi, maembe ya msimu, mayai ya kuchemsha. Gari likipunguza mwendo, unakimbia na beseni yako. Dada yangu mdogo aliuza hapo miaka mingi kuliko mimi. Siku moja lori lililokuwa linarudi nyuma halikumwona. Likamvunja nyonga na mguu. Alilazwa miezi, akatoka na magongo mawili, halafu akabaki na fimbo moja ambayo ndiyo anayotembelea mpaka sasa.

Na unajua alirudi kuuza wapi? Hapo hapo. Nilikuwa nikifika asubuhi namkuta ameketi juu ya kreti ya soda, hatua mbili kutoka kwa magurudumu, mtu ambaye hata akiliona lori linakuja hawezi kukimbia. Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka.

"Basi nitafutie soko," aliniambia. "Ukinitafutia, nitahama leo."

Nilikuwa sina soko la kumpa.

Ploti ilikuwepo, hiyo sikatai. Nyuma ya maduka, kando ya ukuta wa kanisa, palikuwa na kituo cha mafuta cha zamani pamoja na gereji ya malori. Mwenyewe alifunga akaenda zake kabla wajukuu wangu hawajazaliwa. Pampu ziling'olewa, lakini matangi yalibaki chini ya ardhi, na mabomba yake, na lile shimo ambalo mafundi walikuwa wanasimama ndani kumwaga oili chafu. Matangi yalivuja dizeli miaka yote hiyo. Ardhi ikawa nyeusi ya kung'aa, na jua likiwa kali ilinuka mpaka waumini wakafunga madirisha katikati ya ibada. Haikuota hata jani moja. Na ujue huku kwetu mvua ikinyesha hata paa la choo linaota kitu.

Kaunti ikaita baraza. Sisi kina mama tuliomba ploti iwe soko. Mzee mmoja mwenye loji, mtu wa heshima na tumbo lake, aliomba iwe maegesho ya malori, ili madereva walale kwake. Simlaumu, kila mtu anavutia kwake. Ofisa aliyeongoza baraza akasema chakula hakiwezi kuuzwa juu ya sumu. Ardhi itasafishwa, halafu itapimwa. Ikipita kipimo kufikia mwisho wa mwezi wa sita, itajengwa vibanda vya soko. Isipopita, itamwagwa lami iwe maegesho.

"Lami haijali kilicho chini yake," mzee wa loji akasema, na wanaume wakacheka.

Nilimwangalia dada yangu aliyekuwa ameketi mbele na fimbo yake mapajani. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoapa moyoni kwamba ile ardhi itapita, hata kama itabidi niilambe.

Ofisa wa mazingira aliyeletwa kusimamia usafishaji alikuwa mwanamke wa rika la binti yangu wa kwanza, mzaliwa wa Migwani, kule Kitui. Tulimcheka Kikamba chake siku ya kwanza, naye akatucheka chetu, tukawa marafiki. Alitembea na sanduku la barafu lenye chupa za kioo. Alichota udongo wa pale kwenye ploti, akautia kwenye chupa pamoja na maji, akatikisa, akaiinua juani. Utando ukapanda juu ya maji, una rangi rangi, mzuri ajabu. "Hii ndiyo mnataka kuweka chini ya sukuma wiki?" akauliza.

Halafu akatueleza mpango. Mashine ya kontrakta itang'oa matangi, na udongo wa lile shimo la oili, kwa kuwa ndio mbaya kupita wote, utabebwa na lori kupelekwa mahali pa kuzika sumu. Ule ulioingiwa na dizeli tu unaweza kutibiwa pale pale. Unautandaza juu ya karatasi nene ya nailoni, unauchanganya na mbolea ya mifugo, unaunyunyizia maji, unaugeuza kila wiki. Vijidudu wadogo wasioonekana wanakula dizeli mpaka inaisha.

Nilijikaza nisicheke. Kumbe ni mbolea ya kuozesha! Ati mtu amesoma chuo kikuu aje kunifundisha mimi kugeuza mbolea. Niliona kama kazi imeshaisha, na hapo ndipo kiburi kilipoanza kunitafuta.

Mashine ilikuja, matangi yakatoka yameoza kama meno mabovu, lori likabeba udongo wa shimo. Lakini kulikuwa na ukanda mmoja ambao mashine haingeweza kuugusa, pale mabomba yalipopita karibu na kanisa. Ukuta ungepasuka. Ukanda huo ulitaka jembe, na jembe lilitaka mwethya. Kaunti ikatupa kazi, pamoja na glavu, gambuti na barakoa.

Sasa nielewe vizuri hapa. Ile ploti ina mteremko mdogo. Upande wa juu wa ukanda ule ardhi ilikuwa imepimwa ikapatikana safi, na ofisa alikuwa amepigilia vigingi vyeupe kuonyesha vibanda vitaanzia hapo. Upande wa chini, pembeni kabisa, ndipo nailoni ilipotandazwa. Ofisa aliniita kando, akachukua karai moja ya udongo mweusi, akatembea nayo mpaka kwenye nailoni, akaimwaga.

"Mwaitu," akasema, kwa heshima, kama anavyomwita mama yake, "udongo wote wa mtaro unakuja huku chini. Wote."

"Nimesikia," nikamjibu. Kwani mimi kiziwi?

Akaondoka kwenda mji wa Wote kwa mkutano wa ofisi yake. Tukaomba, nikapuliza filimbi.

Saa ya kwanza tulifuata maagizo. Unachimba, unajaza karai, unateremka, unamwaga, unapanda. Wee, kazi ya konokono! Wimbo ukawa unakatika katika kwa sababu watu wako huku na kule. Mwethya bila wimbo si mwethya. Nikasimama nikaangalia, nikaona mawingu upande wa Tsavo, nikafikiria kama mtu wa Kasikeu. Mvua ikija sasa, maji yote ya juu yataingia mtaroni na kuutibua. Lakini tukitupa udongo upande wa juu, utakuwa ukingo, utazuia maji, na kesho tutaubeba kwa utulivu. Ilikuwa fikira nzuri sana. Mpaka leo nikiirudia naona uzuri wake, na ndiyo maana inaniuma.

Nikapuliza filimbi. "Kina mama, tupeni juu!"

Ungeona mikono ile! Ilikuwa kama ng'ombe amefunguliwa aende mtoni. Wimbo ukashika, majembe yakapanda na kushuka pamoja, udongo ukaruka juu. Tulikuwa wanawake kumi na wanane, wengine wana wajukuu, na tulichimba ukanda wote kabla ya saa saba.

Dada yangu hawezi kuchimba, kwa hivyo alikuwa amekaa langoni akiandika majina na kutunza chai. Aliinuka na fimbo yake, akaja pole pole mpaka kando ya mtaro.

"Dada," akasema, "si yule ofisa alisema chini?"

"Wewe andika majina," nikamwambia. "Matuta tuachie wenye matuta."

Kina mama wakaangua kicheko. Yeye akatabasamu kidogo, akageuka, akarudi langoni. Nimewahi kusema maneno mabaya maishani, nina mdomo, watu wanajua. Lakini hayo ndiyo ningelipa nirudishiwe.

Tulipomaliza nilitoa simu nikapiga picha. Lile tuta lilikuwa limenyooka, limeshikana, kimo sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikamtumia ofisa, nikaandika: "Kazi imeisha. Bwana asifiwe." Kina mama wakavua glavu, wakaenda kuangalia mbuzi zao.

Simu ikalia. Nikaipokea nikingoja sifa.

"Mwaitu. Huo udongo uko upande wa juu?"

"Uko juu, na umenyooka kama rula."

"Woi," akasema. "Woi, mwaitu. Uko juu ya ile sehemu safi."

Sijui kama umewahi kujisikia mjinga kuanzia kwenye visigino kupanda mpaka utosini. Nilianza kupuliza filimbi peke yangu pale kwenye ploti kama mwendawazimu, nikiwaita watu ambao tayari walikuwa nyumbani. Walirudi watano. Tukakamata karai. Tulikuwa tumebeba labda robo wakati tone la kwanza lilipoanguka, kubwa, la vumbi, na mengine yakafuata yote pamoja.

Tulikimbilia chini ya paa la kanisa. Kutoka hapo nililitazama tuta langu likifanya kazi. Maji yalitiririka kutoka juu, yakaligonga, yakasimama. Halikupasuka popote. Halikuacha hata kikombe kimoja kipite. Yalijaa nyuma yake kama ziwa dogo juu ya vigingi vyeupe, na juu ya ziwa utando wa rangi rangi ukatandaa, kila upande, pole pole, halafu ziwa likaanza kuzama ardhini jinsi tuta zuri linavyotakiwa kufanya. Tulikuwa tumeinywesha ardhi safi dizeli kwa utaalamu wote wa mababu zetu. Nililia, na sikujificha.

Dada yangu aliniletea chai. Akakaa kando yangu, akanyoosha mguu wake mbaya.

"Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Mimi guu nimevunjika, na wewe ndiye hukusikia. Hii hesabu imekaaje?"

Nilicheka nikilia. Nikamwomba msamaha, na akanisamehe papo hapo, jambo ambalo lilinizidishia uchungu.

Ofisa alipima tena upande wa juu. Haukupita. Wiki iliyofuata baraza likaitwa, na kabla ya kuanza alinivuta nyuma ya gari lake. Alikuwa hajalala vizuri, nilimwona macho.

"Naweza kuandika kwamba mvua ilikuja mapema ikasambaza mafuta," akasema. "Si uongo. Na makosa ni yangu pia. Mama yangu Migwani anatupa juu maisha yake yote. Nilipaswa kujua mikono yenu itafanya nini. Sikupaswa kuondoka siku ya kwanza."

Nilishawishika, nakuambia ukweli. Kina mama wakionekana wameharibu, kaunti itatunyang'anya kazi, mzee wa loji atapata lami yake, na dada yangu atabaki juu ya kreti mpaka lori lingine limpate. Lakini nikafikiria: wakisema ni mvua, hakuna atakayejua hasa udongo ulilala wapi na uchimbwe kina gani. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kila hatua ya lile tuta. Na halafu, mwethya hauongozwi na mtu anayejificha nyuma ya mvua. Ningewezaje kumwongezea kipande aliyechelewa?

Mzee wa loji alisimama kwanza. Akasema aliona tangu mwanzo kwamba kazi hii si ya majembe, na kwamba sasa ploti imeharibika zaidi, basi imwagwe lami yaishe. Watu wakatikisa vichwa wakikubali.

Nikasimama. "Bwana asifiwe."

"Amina."

"Aliyesema udongo utupwe juu ni mimi. Ofisa alisema chini, nikasema nimesikia. Dada yangu alinikumbusha, nikamfukuza mbele za watu. Hawa kina mama walifuata filimbi yangu. Kama kuna mtu wa kuondolewa, ni mimi, si mwethya. Lakini nitawaambia jambo moja. Huo udongo naujua ulipolala, kila hatua. Mkinipa mpaka mwezi wa sita, nitautoa."

"Na ukishindwa?" mzee akauliza.

"Nikishindwa, mweke malori yenu, na mimi mwenyewe nitakuja na hii filimbi niwaegeshe."

Watu wakacheka, na katika kile kicheko ofisa wa baraza akasema haya, mpaka mwezi wa sita. Nikaketi.

Basi tukaanza upya. Tulichimba upande wote wa juu, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, na pale palipokuwa na tuta lenyewe tukaenda chini zaidi, mpaka udongo ukaacha kunuka. Kila karai ilishuka. Wimbo ukikatika, na ukatike. Nilikuwa nimesimama kando ya vigingi, na mkono wa mtu ukianza kuinuka kwa mazoea nilikuwa naliita jina lake kwa sauti ya kuamsha wafu. Dada yangu nilimhamisha kutoka langoni. Nilimwekea kiti kando ya mtaro na kumpa filimbi, ati akiona jembe limetupa juu apulize. Hee! Alipuliza hata pale ambapo hakukuwa na haja. Mimi mwenyewe alinipulizia mara mbili.

Kila mama akaleta gunia la mbolea ya mbuzi. Usilichukulie hilo kama kitu kidogo. Huku kwetu mbolea ni chakula cha mwaka ujao, na mtu kuitoa akaimwage kwenye udongo ambao hatapanda kitu ni kama kutoa mbegu. Hakuna aliyelazimishwa. Tukachanganya na maganda ya kunde na mabua yaliyokatwa katwa, na kila Jumanne tukawa tunageuza.

Hapo sasa ndipo ofisa na mimi tulipoanza kuheshimiana kabisa. Alikuwa na kifaa cha kupima unyevu, lakini betri zake zilikuwa zinakufa kila mara. Nikamwonyesha njia yetu. Unakamata udongo, unaufinya kwenye ngumi, unafungua mkono. Ukidondosha maji, umezidisha. Ukisambaratika wenyewe, umekauka. Ukishikana halafu ukaachana ukiguswa na kidole kimoja, uko sawa. Siku kifaa kilipofanya kazi alijaribu njia zote mbili pamoja, na zikakubaliana. Akaliandika jambo hilo kwenye daftari lake. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea katikati ya njia.

Mwezi wa kwanza ulinuka dizeli vile vile. Wa tatu, ulinuka dizeli na mbuzi. Nilikuwa nateremsha barakoa ili ninuse, na ofisa ananigombeza, na Jumanne inayofuata nanusa tena. Mwezi wa tano nilikamata ngumi moja, nikanusa. Nikampa jirani yangu anuse. Ulinuka kama shamba asubuhi baada ya mvua. Na pembeni mwa nailoni ulikuwa umeota mche mmoja wa terere, majani manne. Mama mmoja aliinama kuuchuma aende nao jikoni, si unajua sisi, na ofisa akapiga kelele kama ameona nyoka. "Hata mbuzi asionje mpaka vipimo vitoke!"

Akachukua sampuli: kutoka kwenye nailoni, kutoka kwenye mtaro, na kutoka upande wa juu. Akafunga chupa, akazipanga kwenye barafu, akazipeleka maabara Nairobi. Tukangoja. Katika ile wiki ya pili ya kungoja, basi moja lilivuka ukingo wa lami likagonga beseni ya dada yangu. Mayai yote yalipondeka. Yeye hakuguswa. Nilifika nikamkuta anaokota maganda, na alipoinua macho hakusema lolote kuhusu basi. Aliuliza, "Wamepiga simu kutoka Nairobi?"

Usiku huo sikula. Nilimwambia Mungu maneno ambayo mchungaji wetu asingeyapenda.

Ofisa alikuja na karatasi yake siku mbili kabla ya mwezi wa sita kuisha. Tulikusanyika pale pale kwenye ploti, mwethya wote, ofisa wa baraza, mzee wa loji na watu wake. Akasoma kwa utaratibu, sauti haipandi wala haishuki. Nailoni: imepita. Mtaro: umepita. Kina mama wakaanza kunong'ona, nikawanyamazisha kwa mkono.

"Upande wa juu," akasema, "mahali palipokuwa na tuta." Akasimama. Akajaribu kuendelea akashindwa, akafunika mdomo kwa ile karatasi. Hapo sote tukajua, kwa sababu macho yake yalikuwa yanacheka.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka kwenye vituo vya mafuta barabarani. Wengine walicheza, wengine walipiga magoti. Mimi nilikaa chini, chini kabisa, kwenye ule udongo, na sikuweza kuinuka kwa muda. Mtu anaweza kujivunia watoto, nyumba, cheo cha kanisani. Mimi nilijivunia kipande cha ardhi kisichonuka. Nimeshawahi kupiga matuta mengi mazuri, lakini hakuna kazi ninayoionea fahari kama ile ya kuondoa moja nililolikosea. Mzee wa loji alikuja akanipa mkono, akanisaidia kusimama, akakohoa kidogo, kisha akaniuliza kama mke wake anaweza kupata kibanda. Nikamwambia alete mbolea.

Vibanda vilijengwa, paa jekundu, sakafu ya saruji, maji ya bomba. Siku ya kufungua tuliomba kwamba dada yangu achague mahali kabla ya mtu mwingine yeyote, na hakuna aliyepinga. Alitembea na fimbo yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, akasimama kwenye kibanda cha ukingoni, kile ambacho kwa mbele unaona ukuta wa kanisa na kwa nyuma, kupitia pengo la maduka, unaona barabara. Nilimbebea machungwa yake. Nikayapanga mezani, na kiti chake nikakiweka kielekee lile pengo.

Akakigeuza. Akaketi, mgongo barabarani.

"Sasa wewe," nikamwambia, "wateja si watatokea huko nyuma? Utawaonaje?"

Lori likapita, zito, na meza ikatikisika kidogo. Dada yangu hakugeuka. Alichukua chungwa moja akalipangusa kwa leso yake.

"Wataniita," akasema. "Hiyo barabara nimeiangalia ya kutosha."